Jinsi ya kuchagua kanga ya kumpa mtu (na kwa nini Mombasa ni leso)

Wengi tukiingia dukani tunaangalia rangi tu. We soma jina kwanza, yaani ule usemi ulioandikwa pale chini, maana ukimpelekea mama mkwe kanga imeandikwa "Wivu wako usinifanye adui" hata kama ulipenda maua tu, yeye ataisoma na mashoga zake wataisoma na utasemwa mpaka ukome. "Nani kama mama" haina presha. Kwa bi harusi wa pwani ulizia kisutu, ile ya nyekundu, nyeupe na nyeusi.

Ukiwa Mombasa sema leso tu. Neno limetoka kwa Wareno, ni vitambaa vya mkononi, karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wananunua vile vitambaa vikiwa havijakatwa, wanachukua sita wanaviunga vitatu juu vitatu chini, tayari nguo ya kujifunga. Baadae wafanyabiashara wakaona si bora ichapwe nzima nzima. Na kanga wanasema ni yule ndege, kwa sababu za mwanzo zilikuwa na madoadoa kama yake. Majina nayo yalianza kwa herufi za Kiarabu, hizi za kirumi zimekuja baadae. Ukiona chapa ya "Mali ya Abdulla" ujue ni za duka la Kaderdina Hajee Essak wa Biashara Street, Mombasa, wapo tangu 1887.

Haya, sasa ikunjue yote usiogope muuzaji. Pindo lizunguke pande zote nne, mji (pale katikati) usiwe umechapwa upande. Isiyo na pindo wala jina hiyo ni kitenge, usiuziwe kama kanga. Kama inateleza sana mkononi omba kauzi kamoja pembeni ukachome: pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka inakuwa kadonge kagumu. Mi poliesta sinunui, haifyonzi jasho wala haifai kubebea mtoto, inateleza.

Inauzwa doti, vipande viwili vimeshikana, kwahiyo kata katikati kwenye ile nafasi kati ya mapindo alafu mpe fundi akunje ncha, dakika chache tu. Kabla ya kuvaa loweka kwenye maji baridi na chumvi, kila rangi peke yake, hasa nyekundu, hiyo usiiamini kabisa.