Jinsi ya kupima dai kwamba MS husababishwa na mishipa ya damu iliyoziba: mwongozo kwa familia za Kigoma na Tabora

Mwongozo huu ni kwa ajili ya familia ambayo mgonjwa wake ameambiwa ana maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao madaktari huufupisha kwa herufi MS, na ambayo imesikia kwa ndugu, kwa dalali wa safari za matibabu au kupitia simu kwamba chanzo cha ugonjwa huo ni mishipa ya damu iliyoziba shingoni, na kwamba ikizibuliwa mgonjwa atainuka. Dai hili halikutungwa mtaani. Lilitoka kwa daktari bingwa wa chuo kikuu chenye heshima, likajaribiwa kwa takriban miaka kumi, na likashindwa. Wanaoliuza hadi leo husimulia sehemu ya kwanza tu ya habari hiyo, kwa hiyo inafaa familia iijue yote kabla kikao cha ukoo hakijaamua kuuza shamba la michikichi.

Anza na swali la kama ugonjwa wenyewe ni MS

MS ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mielini, yaani utando unaozifunika neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka 20 na 40, na wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Katika nchi zilizo karibu na ikweta haupatikani sana, na hilo lina maana ya moja kwa moja kwa mtu anayeishi Ujiji, Kasulu au Urambo: miguu inapolegea, ganzi inapopanda hadi kiunoni na mkojo unapogoma, yapo magonjwa mengine yanayostahili kutafutwa kwanza, na baadhi yake yana tiba kamili.

Kichocho ndicho ambacho ningekitaja mapema zaidi kwa watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mayai ya minyoo yake huweza kufika kwenye uti wa mgongo na kudhoofisha miguu katika muda wa siku au wiki chache, na mgonjwa akiwahiwa kwa dawa ya minyoo hiyo pamoja na dawa za kupunguza uvimbe anaweza kutembea tena. Kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, kaswende, virusi vya Ukimwi na upungufu wa vitamini B12 navyo huiga MS. Upo pia ugonjwa wa kinga unaoshambulia neva za macho na uti wa mgongo, uitwao nyuromayelitisi optika, unaofanana mno na MS lakini hutibiwa kwa njia nyingine, kiasi kwamba baadhi ya dawa za MS, kama vile intaferoni beta, huuzidisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kumwomba daktari aeleze jina la ugonjwa lilipatikanaje. Tangu mwaka 2001 madaktari hutumia vigezo vinavyoitwa vya McDonald, ambavyo vimefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na msingi wake ni kuonyesha kwamba madhara yametokea katika sehemu zaidi ya moja ya mfumo wa neva na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaoyaeleza vizuri zaidi. Hilo huhitaji picha za MRI za ubongo na uti wa mgongo, vipimo vya damu, na mara nyingine maji ya uti wa mgongo. Ikiwa mgonjwa alipewa jina la MS kwa kuangaliwa tu, omba rufaa kutoka hospitali ya mkoa, yaani Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa Tabora, kwenda hospitali ya kanda kama Bugando ya Mwanza, au Muhimbili ya Dar es Salaam, akaonwe na daktari bingwa wa magonjwa ya neva. Beba picha zote za zamani na barua zote za kutoka wodini, kwa sababu mpangilio wa matukio kwa tarehe humsaidia bingwa kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Lielewe dai lenyewe

Mwaka 2009 Paolo Zamboni, daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu katika Chuo Kikuu cha Ferrara nchini Italia, ambaye mke wake mwenyewe alikuwa na MS, alichapisha utafiti uliowahusu wagonjwa 65 wa MS na watu 235 wasio na ugonjwa huo. Alisema kwamba kwa kipimo cha ultrasaundi alikuta kasoro za mishipa ya vena, ile inayorudisha damu moyoni kutoka kichwani na mgongoni, kwa wagonjwa wote wa MS, na kwamba hakukuta hali hiyo kwa yeyote katika wale wengine. Nadharia yake ilikuwa kwamba vena za shingoni na ile ya kifuani iitwayo azigosi zikiwa nyembamba, damu hurudi nyuma, chembe za chuma hubaki katika tishu za ubongo, na uvimbe unaofuata huamsha kinga ishambulie mielini. Hali hiyo aliipa jina linalofupishwa kwa herufi CCSVI. Akaingiza katheta, yaani mrija mwembamba, yenye puto dogo ndani ya vena, akalijaza puto ili kuupanua mshipa, na akaripoti kwamba wagonjwa walipata nafuu.

Habari ilirushwa na televisheni ya Kanada mwezi Novemba 2009, na maelfu ya wagonjwa wakaanza kusafiri kwenda Poland, India, Mexico na Costa Rica kununua matibabu ambayo hospitali za kwao zilikuwa hazijayakubali. Siwalaumu. Mtu ambaye miguu inamwisha huku dawa zilizopo zikipunguza tu kasi ya ugonjwa ana kila sababu ya kutega sikio.

Lipime kwa maswali mawili

Swali la kwanza ni hili: je, waliopima walijua nani mgonjwa na nani mzima? Vena za shingo ni laini. Hubadilika mtu akilala au akiketi, akivuta pumzi, akiwa na kiu au amekunywa maji ya kutosha, na hata mkono wa mpimaji ukikandamiza kidogo huweza kuufanya mshipa uonekane umebanwa. Mpimaji anayejua anachokitarajia atakiona. Watafiti wengine walipoanza kupima kwa kuficha utambulisho wa wapimwaji, tofauti ile ya wote dhidi ya hakuna iliyeyuka. Utafiti mkubwa wa Italia uitwao CoSMo, uliowapima watu zaidi ya 1,700, ulikuta CCSVI kwa takriban asilimia 3 ya wagonjwa wa MS, asilimia 3 ya wenye magonjwa mengine ya neva na asilimia 2 ya watu wazima kiafya. Mwaka 2013 watafiti wa Kanada walitumia katheta na rangi ya kuonyesha mishipa kwenye eksirei, njia iliyo sahihi zaidi kuliko ultrasaundi, na wakakuta vena iliyopungua upana kwa zaidi ya nusu katika asilimia 74 ya wagonjwa, asilimia 66 ya ndugu zao wa kuzaliwa na asilimia 70 ya watu wasio na uhusiano nao. Maana yake ni kwamba dalali akikuonyesha picha ya mshipa mwembamba wa mgonjwa wako, picha hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isithibitishe chochote, kwa kuwa wewe unayeitazama huenda nawe unao mshipa kama huo.

Kuna ushahidi mwingine ambao hauhitaji mashine. Watu wanaofanyiwa upasuaji wa saratani ya shingo wakati mwingine huondolewa vena kubwa ya jugula, na hawajaonekana kupata MS kwa sababu hiyo. Damu hujitafutia njia nyingine.

Swali la pili ni kama waliotibiwa walilinganishwa na watu waliofanyiwa tiba ya kuigiza. MS ya aina iliyo ya kawaida zaidi huja kwa mashambulizi na kupungua yenyewe. Mtu huamka haoni vizuri jicho moja, na baada ya wiki kadhaa huona tena hata asipotibiwa. Sasa fikiria nani hukata tiketi ya kwenda kupanuliwa mshipa: ni yule aliye katikati ya shambulio baya. Akirudi ameimarika, nafuu ile ilikuwa inakuja hata kama angebaki Mwanga au Kipampa, na ushuhuda wake, ingawa anausema kwa moyo safi, hauwezi kutenganisha kazi ya puto na kazi ya muda. Ongeza matumaini, gharama iliyotolewa na maombi ya jamaa, mambo ambayo hupunguza uchovu na maumivu kwa kitambo.

Njia ya kutenganisha hayo ni kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wote waingizwe katheta, lakini kundi moja tu lijaziwe puto, na mgonjwa pamoja na anayemchunguza baadaye wasijue nani yumo kundi gani. Zamboni mwenyewe aliongoza jaribio la namna hiyo nchini Italia, na kwa hilo anastahili heshima. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2017: wagonjwa 115 wa MS inayokuja na kuondoka, 76 wakiwa wamepanuliwa na 39 wameigiziwa, wakafuatiliwa kwa miezi 12. Tiba haikuleta faida yenye maana, na waandishi, yeye akiwa wa kwanza, walihitimisha kwamba haiwezi kupendekezwa kwa wagonjwa wa MS. Jaribio la Kanada lenye wagonjwa 104 lilifikia hitimisho lilelile. Ningemwomba kila dalali aseme kwa sauti mbele ya familia kwamba mwanzilishi wa tiba anayoiuza mwenyewe ameandika kwamba haiwezi kupendekezwa.

Ukipigiwa simu na dalali

Mwambie aandike jina la daktari, namba yake ya usajili na baraza lililomsajili. Kwa daktari wa Tanzania, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalothibitisha. Akisema ni utafiti, mwulize kibali cha maadili kimetolewa na nani, na kwa nini mgonjwa analipa, kwa sababu mshiriki wa jaribio la kweli kwa kawaida hatozwi fedha za tiba inayojaribiwa. Mwulize pia nani atamhudumia mgonjwa akivuja damu au akiganda damu baada ya kurudi nyumbani, akiwa safarini kwenye treni kati ya Tabora na Kigoma. Swali hili si la kutisha bure. Mwezi Mei 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba utaratibu huu umehusishwa na vifo, kiharusi, kuganda kwa damu, kuumia kwa neva za kichwani, na stenti, yaani kibomba cha waya kinachoachwa ndani ya mshipa, kung'oka na kusafiri mwilini.

Tahadhari moja: kukataa dai hili hakumaanishi kwamba vena haziwezi kuziba. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, au mama aliyejifungua karibuni akapata maumivu makali ya kichwa yanayozidi pamoja na degedege au kuona ukungu, huenda damu imeganda katika vena, na hiyo ni dharura ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Mahali pa kuelekeza fedha na nguvu

Kuhusu chanzo, ushahidi wenye nguvu zaidi hivi sasa unaelekea kwa kirusi cha Epstein-Barr. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliotumia kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani, ulionyesha kwamba hatari ya kupata MS iliongezeka mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi hicho. Karibu watu wazima wote wanacho, kwa hiyo peke yake hakitoshi kuleta ugonjwa.

Kuhusu tiba, zipo dawa zinazopunguza mashambulizi, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kati yake, kladribini, glatirama na rituksimabu, katika orodha yake ya dawa muhimu. Rituksimabu hutumika pia kwa aina fulani za saratani, hivyo mwulize bingwa kama inapatikana na kama bima yenu inaigharamia. Kabla ya kuianza, mgonjwa apimwe homa ya ini aina ya B na kifua kikuu, kwa sababu dawa hiyo hupunguza kinga.

Kisha kuna jambo ambalo kwa mikoa yetu lina uzito kuliko linavyopewa nafasi katika vitabu vya Ulaya. Joto la mwili likipanda, neva zilizoharibika hupitisha taarifa kwa shida, na dalili za zamani hurudi. Malaria hufanya hivyo. Maambukizi ya njia ya mkojo hufanya hivyo. Jua la Oktoba kabla ya mvua hufanya hivyo. Mgonjwa wa MS ambaye miguu imelegea ghafla apimwe malaria na mkojo kwanza, kabla ya kudhaniwa kuwa ana shambulio jipya na kupewa steroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe. Alale ndani ya chandarua kila usiku, afanye kazi za shamba au sokoni asubuhi, na ajimwagie maji ya baridi anapoona macho yanaanza kufifia. Mazoezi ya viungo hospitalini yanasaidia kweli, na hugharimu sehemu ndogo sana ya nauli ya ndege.

Kwa mgonjwa ambaye tayari amepanuliwa mshipa nje ya nchi, usimfiche daktari wa hapa kwa kuona aibu. Mpelekee karatasi zote za hospitali ile, hasa kadi ya stenti kama aliwekewa, kwa sababu wahudumu wa MRI huhitaji kujua aina yake kabla ya kumwingiza kwenye mashine. Kama anameza dawa za kuzuia damu isigande, asiziache kwa uamuzi wake, na amtajie kila anayetaka kumchoma sindano ya msuli au kumng'oa jino kwamba anazitumia. Uvimbe wa shingo, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida vinamrudisha hospitali hata kama ni usiku.