Kuchagua Nta ya Kutengenezea Vipande Vinene vya Kunukiza Nyumba

Vipande vya nta vyenye manukato havina utambi na havichomwi. Huwekwa kwenye kibakuli cha udongo juu ya mshumaa mdogo, vikayeyuka taratibu na kuijaza nyumba harufu. Nta inayofaa ni ile iliyo ngumu kiasi cha kubaki na umbo lake katika joto la Oktoba, lakini isiyo ngumu mno hata ikashindwa kuyeyuka kwa moto huo mdogo.

Kwa mtu anayeishi Tabora, ambako ufugaji wa nyuki katika misitu ya miombo ni kazi ya tangu enzi, nta ya kuanzia ni ya nyuki. Huyeyuka kati ya nyuzi joto 62 na 64 za Selsiasi, hivyo haitayeyuka dukani chini ya paa la bati. Nta ya soya huagizwa kutoka mbali, na aina nyingi zake huyeyuka kwenye nyuzi 50 hivi, kiasi kwamba boksi lililosahauliwa juani laweza kugeuka donge moja. Nta ya parafini, ambayo hutokana na mafuta ya petroli, huachia manukato kwa nguvu kuliko nta ya nyuki, na anayetafuta harufu kali tu hatakosea akiichagua. Mimi bado naipendelea ya nyuki, kwa sababu harufu yake ya asali ni manukato tayari na fedha yake hubaki kwa warinaji wetu. Msomaji wa Kigoma asishawishike kutumia mawese peke yake: hayagandi vya kutosha, rangi yake hutia madoa, na baada ya muda huchacha.

Unaponunua, vunja pembe ya bonge. Nta safi huvunjika kavu na kuonyesha punjepunje, na ukiitafuna haigandi menoni; ikiwa na utelezi wa mafuta vidoleni, shuku kwamba imechanganywa. Ukungu mweupe juu yake si kasoro, kwani hujitokeza wenyewe nta inapokaa. Rangi ndiyo ya kuchunguza zaidi. Nta ya manjano hupokea manukato vizuri, ilhali ile nyeusi, iliyotoka kwenye masega makuukuu au iliyochemshwa kupita kiasi, ina harufu nzito inayoweza kufunika mchaichai au maua. Nta nyeusi ioanishe na karafuu au mdalasini, ambavyo vina nguvu ya kushindana nayo. Ikiwa na uchafu, iyeyushe pamoja na maji, ichuje kwa kitambaa, iache ipoe taratibu, kisha kwangua masimbi yaliyoganda upande wa chini.

Nta ya nyuki peke yake ni ngumu na hushikilia harufu badala ya kuiachia. Ilainishe kwa mafuta ya nazi: gramu 300 za nta kwa gramu 100 za mafuta ni uwiano mzuri wa kuanzia, na mchanganyiko huo utapokea gramu 20 za manukato ya mafuta. Marashi ya kupuliza hayafai, kwa kuwa yana spiriti inayoshika moto. Yeyusha katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya jiko moja kwa moja. Na moto ukitokea, funika kwa mfuniko, usimwage maji. Epua, tia manukato, koroga, mimina kwenye trei kwa unene wa vidole viwili, kisha kata vipande nta ikiwa bado na uvuguvugu, kwani ikishapoa kabisa hupasuka ovyo.

Kabla ya kutengeneza vingi, tengeneza trei moja ndogo na uiache hadi kesho yake mchana. Kidole kikiacha alama, punguza mafuta ya nazi. Kipande kikimeguka kwa kuguswa au kikichelewa kuyeyuka kibakulini, yaongeze kidogo.