Kibao cha shingoni kinachosema: kutengeneza kazi ya sanaa ya lugha za nyumbani

Huko Wales, karne ya 19, mtoto aliyenaswa akisema Kiwelisi shuleni alivikwa shingoni, kama adhabu, kipande cha mti chenye herufi WN ("Welsh Not", yaani Kiwelisi marufuku). Kenya ya wakoloni nayo ilikuwa na vibao vya namna hiyo. Kazi hii inachukua kibao kilekile na kukibebesha neno la nyumbani, pamoja na sauti ya mwenye neno. Vibao 24 vinajaza vizuri ukuta wa mita 4.

Anza na maneno, mbao baadaye. Omba neno moja kwa kila mtu na uulize ni la wapi. Usiandike "Kichaga" ukaishia hapo, maana mtu wa Machame na wa Rombo, kila mmoja akisema cha kwao, hawaelewani kirahisi. Andika Kimachame, Kivunjo, Kirombo. Ukimpata mzee wa Ugweno, Upare Kaskazini, mpe nafasi ya kwanza: Kigweno kinamezwa na Kipare na Kiswahili. Mweleze sauti yake itasikika wapi na kwa muda gani. Akikataa, mshukuru uondoke. Wawili wa kijiji kimoja wakitamka tofauti, chonga vibao viwili. Kusahihisha wazee ni kurudia kosa la shule.

Rekodi kwa simu, faili la WAV, sentimita 20 kutoka mdomoni na upande kidogo ili pumzi isipige maikrofoni. Chagua chumba chenye godoro na mapazia, zima friji na feni. Chini ya bati wakati wa masika usijaribu kabisa. Neno lisemwe mara tatu. Ya kwanza mara nyingi huwa na woga, ya pili ndiyo huwa nzuri.

Kwa mbao, mabaki ya mgrevilea kwa mafundi seremala yanafaa: sentimita 12 kwa 8, unene 1. Yakiwa mabichi, yapange kivulini wiki tatu na vijiti katikati. Juani yatapinda na kupasuka. Piga msasa namba 120, kisha 220. Tundu liwe la milimita 5, sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Likisogea karibu zaidi na ukingo, mbao hupasuka kufuata nyuzi.

Herufi zichome kwa chuma cha kulehemu cha mafundi redio, wati 60. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa: penye nyuzi laini moto hukimbia na kuacha doa, kwa hiyo pita polepole, mara mbili, bila kukandamiza. Fanyia nje, na usichome kamwe mbao yenye rangi au vanishi, moshi wake ni sumu. Mafuta ya linsidi yapakwe mwishoni. Tambara lililoloa mafuta hayo likikunjwa linaweza kuwaka lenyewe. Litandaze nje au lilowekwe majini.

Usiandike tafsiri ya Kiswahili chini ya neno. Macho yatakimbilia Kiswahili, na neno la mama litabaki pambo. Maandishi yenyewe hayatoshi: Kimaasai cha Waarusha kina irabu tisa, nasi kwa kawaida tunaandika tano, wala hatuandiki toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Ndiyo maana sauti ni nusu ya kazi.

Tundika kwa kamba ya katani, katikati ya kibao iwe sentimita 150 kutoka sakafuni. Usimvike mtoto hata kwa picha. Majani ya masale nayo usiyatumie kama urembo: kwa Wachaga jani hilo linaomba msamaha, na likiwekwa liwe linaomba kweli.

Sauti itoke kwenye spika ndogo ya memori kadi, kwani si kila mgeni ana bando. Spika nyingi za bei ndogo hucheza faili kwa mpangilio zilivyonakiliwa, si kwa majina. Futa kadi yote, kisha nakili moja moja kuanzia kibao cha kwanza kushoto, na uache sekunde 4 za kimya kati ya neno na neno.