Kabla ya kutuma pesa ng'ambo, ijue konea yako

Pesa yangu ya kwanza katika safari hii ilikwenda na maji. Nilimlipa dalali niliyempata mtandaoni malipo ya awali ya LASIK, upasuaji wa leza wa kuondoa miwani, kwa macho yote mawili, nikakata tiketi isiyobadilishwa, nikafika kliniki na begi langu. Baada ya saa mbili za vipimo daktari akasema, kwa upole kabisa, "Wewe hatukufanyii." Simlaumu. Konea zangu, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, ni nyembamba, na yeye alikuwa mtu mwaminifu. Kilichoniuma ni kwamba kipimo kilichoniangusha huchukua dakika chache tu, na ningeweza kupimwa karibu na kwangu kabla sijatoa hata senti. Utaratibu ninaoueleza hapa ni ule wa mara ya pili, nilipokwisha kupata akili.

Kwanza chukua cheti chako cha miwani ukisome. Changu kiliandikwa hivi kwa jicho la kulia: −5.50, −1.00, 175. Namba ya kwanza ikiwa hasi, huoni mbali. Mwanga unapoingia jichoni hupindwa na konea, ambayo hufanya takriban theluthi mbili ya kazi yote, kisha lenzi humalizia ili picha ianguke juu ya retina, utando unaoipokea kule nyuma. Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24. Likirefuka kwa milimita moja tu, tayari una miwani ya kati ya hasi 2.5 na hasi 3, kwa sababu picha inaanguka kabla ya kufika kwenye retina. Namba ikiwa chanya, mambo yamegeuka: jicho ni fupi, picha inatafuta mahali nyuma ya retina. Vijana wa namba chanya mara nyingi hawajui kama wana tatizo, kwani lenzi yao changa hujikaza ikafidia. Wanachojua ni kichwa kuuma kila wakishika kitabu.

Namba ya pili na ya tatu ni za astigmatizimu. Konea badala ya kuwa duara kama mpira imelala kama yai, ina mpindo mkali upande mmoja na mpole upande mwingine. Taa za barabarani usiku zinachanua miale. Ile 175 ni nyuzi, inaonyesha yai limelala kuelekea wapi.

Lipo na tatizo la nne, na hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya ndani huanza kuwa ngumu, ikashindwa kujibinua kwa ajili ya maandishi ya karibu. Leza huchonga konea. Ugumu wa lenzi haiugusi. Mtu wa miaka 46 mwenye hasi 2, aliyezoea kuvua miwani ili asome, akirekebishwa macho yote aone mbali atatoka pale akihitaji miwani ya kusomea. Baadhi ya madaktari huliacha jicho moja liwe la karibu kwa makusudi. Kuna wanaofurahi, na kuna wanaopata kizunguzungu. Usikubali jambo hilo kwa maneno. Omba uvalishwe lenzi za kuvaa jichoni zenye mpangilio huohuo, uishi nazo wiki mbili tatu kwanza.

Sasa nenda ukapimwe ukiwa bado kwenu. Kama unavaa lenzi za jichoni, ziache kabla ya vipimo, kwa sababu huikandamiza konea ikadanganya mashine: lenzi laini wiki moja hadi mbili, ngumu wiki tatu au nne. Omba vipimo hivi kwa majina: unene wa konea, ramani ya konea, namba ya miwani baada ya matone ya kulegeza jicho, machozi, na retina. Ramani ndiyo hufichua konea inayochongoka, ugonjwa ambao leza huuzidisha. Ukiwa na mazoea ya kufikicha macho, mwambie daktari. Namba yako iwe imetulia kwa angalau mwaka mzima. Aliye chini ya miaka 18 asubiri, na mjamzito au anayenyonyesha naye asubiri, kwa maana namba na machozi hubadilika katika kipindi hicho.

Ukishapata unene, fanya hesabu hii kwenye kipande cha karatasi. Konea ya kawaida ina mikroni kama 540, yaani nusu milimita na kidogo. LASIK hufungua kwanza kifuniko cha mikroni 100 hadi 120, kisha leza hula kama mikroni 15 kwa kila dayopta moja, ndicho kipimo cha namba za miwani. Kinachobaki chini kisipungue 250, na wapasuaji wengi wa siku hizi hawataki kushuka chini ya 300. Yangu ilikuwa 489. Toa 110 za kifuniko, toa 97 za dayopta 6.5 (ile 5.50 na 1.00 ya cheti changu), zimebaki 282, chini ya ile 300. Hesabu ya darasa la nne, na nilisafiri safari nzima bila kuifanya!

Kukataliwa LASIK hakumaanishi mlango umefungwa. Daktari wa pili, baada ya kuridhika na ramani zangu, alinifanyia PRK, ambayo haina kifuniko: hukwanguliwa ngozi ya juu kabisa ya konea, leza ikapita, ukavalishwa lenzi ya kinga mpaka ngozi iote tena. Ni ya zamani kuliko LASIK. Marekani iliidhinisha leza yake mwaka 1995. Inauma. Siku ya pili nilikaa gizani nikilia machozi ambayo hayakuwa ya huzuni. SMILE, njia nyingine ya leza, hupitia tundu dogo pembeni, na wenye namba kubwa sana huwekewa lenzi ndani ya jicho bila konea kuchongwa. Atakayechagua ni mpasuaji akiwa na vipimo mkononi, tangazo lisikuchagulie.

Tuje kwenye pesa. Vipimo vyako vitume kwa kliniki yenyewe, wala si kwa dalali, uombe jibu la mpasuaji kwa maandishi. Kisha omba ankara yenye jina la kliniki na uulize maswali ya mtu mbahili. Bei hii ni ya jicho moja au mawili? Imejumuisha vipimo vya kurudia, matone, lenzi ya kinga, na kuonwa baada ya upasuaji? Ikibaki namba kidogo, marekebisho ni bure kwa muda gani? (Hata yakiwa bure, nauli ya kurudi ni yako.) La muhimu kuliko yote: nikionekana sifai, narudishiwa nini? Mimi niliandikiwa sentensi moja kwamba nitakatwa gharama ya vipimo pekee. Sentensi hiyo ilinipa usingizi kwenye ndege.

Usilipe yote mapema. Nililipa vipimo nilipofika, na upasuaji baada ya daktari kusema ndiyo ana kwa ana. Wakisisitiza malipo ya awali, yawe madogo, na yaende kwenye akaunti yenye jina la kliniki. Ukipewa akaunti ya mtu binafsi, acha. Kwenye uhamisho wa benki uliza nani anabeba makato. Mara ya kwanza nilichagua tugawane, benki ya katikati ikajikatia chake, na mapokezi wakanidai pungufu mbele ya watu. Ukilipa kwa kadi, mashine inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya kwenu. Kataa, chagua sarafu ya pale. Ukikubali, wenye mashine ndio watakaokupangia kiwango cha kubadilisha, na mara nyingi hukuumiza. Bima nyingi huuhesabu upasuaji huu kuwa wa hiari, kwa hiyo soma mkataba wako kabla ya kuitegemea. Tenga pia fungu la daktari wa kukuangalia ukirudi, na ukubaliane naye kabla hujaondoka, maana si kila daktari hupenda kupokea kazi ya mwenzake.

Tiketi iwe ya kubadilishika. Acha angalau siku moja kati ya vipimo na upasuaji, uwe na nafasi ya kusema hapana. Wa LASIK huonwa kesho yake na wengi huruhusiwa kusafiri siku chache baadaye. Wa PRK abaki mpaka lenzi ya kinga itolewe. Mimi ilitolewa siku ya tano, nikaondoka ya nane. Hewa ya ndege ni kavu, shika machozi bandia mfukoni, si kwenye begi la juu. Matone ya steroidi uliyoandikiwa usiyakatishe wala kuyaongeza kwa akili yako, kwani yanaweza kupandisha presha ya jicho.

Jicho lililokuwa refu linabaki refu hata ukiona vizuri, na retina yake bado imevutika. Ukiona mimweko ya mwanga, madoa mengi ya ghafla, au pazia likishuka upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kabla ya kuaga kliniki dai faili lako: namba ya kabla, mpindo na unene wa konea, ramani zote, na kiasi leza ilichokula. Siku mtoto wa jicho atakapokuja, daktari atahitaji kukokotoa lenzi ya kupandikiza, na konea iliyochongwa hupotosha hesabu hiyo. Nakala moja nimeiweka kabatini, nyingine anayo binti yangu, kwa sababu siku hiyo huenda mimi mwenyewe nisiweze kuisoma.