Kijana wako akiitwa kucheza chuo Marekani, kagua masomo kwanza

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Nyakato, Mwanza, jioni nafundisha mpira. Mzazi akiniletea barua ya chuo cha Marekani, siulizi habari za jezi. Naomba orodha ya masomo.

Anza na sekondari. Daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, linataka masomo ya msingi 16, hesabu zikiwemo, na wastani wa alama 2.3 kati ya 4. Anayetoroka kipindi awahi uwanja wa Nyamagana namrudisha darasani, hata awe mfungaji wetu bora.

Kisha uliza nani atamchagulia kozi. Kocha akijibu "tutampa zile nyepesi", shtuka. Chuo Kikuu cha North Carolina kiliendesha madarasa hewa kwa miaka 18, hadi 2011. Wanafunzi zaidi ya 3,100 walipita humo, karibu nusu yao wanamichezo. Mhadhara hakuna, insha moja tu, na nyingi alizisahihisha katibu wa idara, tena kwa alama nono!

Fani achague mapema: NCAA inataka akianza mwaka wa tatu chuoni awe amemaliza asilimia 40 ya shahada. Na matokeo ya kila muhula ayatume kwa WhatsApp, ukurasa mzima, siyo picha iliyokatwa pembeni. Vijana nawajua.