Kompyuta inayowaka inapojisikia

Mashine iliyokufa kabisa hainisumbui. Unaifungua, unatafuta kilichoungua, unabadilisha, unalipwa, mnaachana. Inayonitoa jasho ni ile inayowaka leo, kesho inagoma, keshokutwa inawaka tena kana kwamba haijawahi kugoma. Mwenyewe anaileta imefungwa kwa leso, ninaichomeka mbele yake, na papo hapo inawaka. Tunatazamana. "Fundi, haki ya Mungu asubuhi ilikuwa imekataa," ananiapia, kama mtu aliye mbele ya hakimu.

Nina kabati la kioo na meza moja ghorofa ya pili, Luthuli Avenue, Nairobi. Julai fulani mama mmoja mwenye duka la kuchapisha na fotokopi kule Kayole aliniletea mashine yake mara tatu, na mara zote tatu iliwaka mezani pangu bila kusukumwa. Mara ya pili nilimbadilishia ramu (kumbukumbu ya muda ya mashine), kwa sababu fundi asiyejua la kufanya hubadilisha ramu. Nikamtoza. Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, simu ikalia: "Fundi, imekataa tena, na hapa nina foleni ya watu." Nitairudia hiyo mashine. Ndiyo iliyonifunza kufuata utaratibu huu hapa badala ya kubahatisha.

Haiwaki vipi?

"Haiwaki" ni jina moja la magonjwa matatu. Kuna ile ambayo ukibonyeza swichi hakuna chochote: hakuna taa, hakuna feni, kimya cha kaburi. Kuna ile ambayo feni zinazunguka na taa inawaka lakini skrini ni nyeusi. Na kuna ile inayofika kwenye nembo ya kampuni au ya Windows, halafu inakwama au inaanza upya. Ya kwanza karibu kila mara ni shida ya umeme: soketi, waya, pawa saplai (kisanduku cha ndani kinachoigawia mashine umeme) au swichi. Ya pili, anza na ramu na kebo ya skrini. Ya tatu, diski au Windows yenyewe. Ukiniambia ni ipi kati ya hizo, umeniokolea nusu siku.

Sikiliza pia. Ikipiga mlio, hesabu: mingapi mifupi, mingapi mirefu. Baadhi ya mashine hazilii, zinapepesa taa ya swichi kwa rangi ya chungwa badala ya nyeupe au kijani. Maana ya hesabu hiyo hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo itafute kwa modeli yako, usichukue ya jirani.

Daftari

Hili ndilo watu hulidharau, na ndilo linalotatua nusu ya kesi zangu. Kosa linalokuja na kwenda lina ratiba, ila hatuioni kwa sababu tunakumbuka tu zile siku tulizokasirika. Chukua daftari la mtoto, uliweke juu ya CPU (najua CPU ni kipande kidogo ndani ya kasha, lakini Nairobi nzima huliita kasha hivyo, nami sina nguvu za kugombana na mji). Andika kila asubuhi kwa wiki mbili: imewaka au imekataa; ilikuwa imezimwa kwa muda gani; usiku swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa au la, na stima ilipotea au haikupotea; ulifanya nini ndipo ikawaka. Andika siku nzuri pia. Bila siku nzuri huna cha kulinganisha.

Halafu usiibebe kwenda kwa fundi kabla ya kumaliza hilo. Safari yenyewe huharibu ushahidi. Ramu iliyolegea ikipita matuta kumi hujikaza yenyewe, na ukifika mjini matatu imekutengenezea mashine bila malipo, kwa siku tatu.

Nje kwanza

Kabla ya kushika bisibisi, chomoa ekstensheni yote uweke waya wa kompyuta moja kwa moja kwenye soketi ya ukuta. Hizi ekstensheni za bei ya chini zina vibati vyembamba ndani, vikishalegea vinagusa vinapotaka. Ukitikisa plagi ukasikia mlio kama wa mafuta ya mandazi, hapo pana cheche. Itupe, usiifunge kwa selotepu. Kagua waya wenyewe unapoingia nyuma ya mashine: usukume mpaka mwisho. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani; ikiwa na kutu au vishikizo vyake vimelegea, umeme hukatika na kurudi. Badilisha waya mzima na ule wa skrini, mara nyingi ni aina moja.

Kisha ondoa kila kilichochomekwa nyuma isipokuwa kibodi, mausi na skrini. Flashi iliyosahaulika inaweza kuifanya mashine ijaribu kuwakia humo ikakwama. Kifaa chenye shoti kwenye tundu la USB kinaweza kuzuia mashine nzima isiwake. Na kama mashine ina kadi ya picha, hakikisha kebo ya skrini iko kwenye kadi, si kwenye tundu la madabodi, ile bodi kuu. Usicheke. Nimelipwa kwa hilo.

Ndani

Chomoa waya, bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kingine chochote. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe. Umeme wetu wa volti 240 ukishanyooshwa humo ndani kuwa wa mkondo mmoja unapita volti 300, na kapasita kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme, inaweza kuushika hata baada ya kuchomoa. Sina utani na hapo.

Vumbi: Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, ina udongo mweusi ambao kiangazi unakuwa unga na mvua ikinyesha unakuwa gundi. Pitisha brashi laini na blowa, ukishika feni kwa kidole isizunguke kwa kasi. Ukiwa hapo tazama kapasita za madabodi, zile kopo ndogo zilizosimama wima. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kilichovimba kama mfuniko wa maziwa yaliyochacha, au kinachovuja kitu cha kahawia, ndicho mgonjwa wako. Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikufa hivyo duniani kote, na bado ninaletewa.

Ramu: itoe, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, irudishe mpaka vibano vibofye. Zikiwa mbili, tumia moja siku kadhaa, kisha nyingine. Kupima kwa uhakika, weka Memtest86+, programu ya kupima ramu, kwenye flashi na uiache izunguke usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuihukumu ramu au tundu lake. Ihamishe tundu jingine ujue ni kipi.

Swichi ya mbele nayo huchoka. Kuna pini mbili kwenye madabodi zinazopokea waya wa swichi. Chomoa ule waya, gusisha pini hizo kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Ikiwa hivyo inawaka kila mara na kwa swichi inasitasita, umemaliza kazi. Hamishia hapo waya za kitufe cha kuanzisha upya na uendelee na maisha.

Betri ndogo ya mviringo, CR2032, inapaswa kuwa na volti 3. Ikishuka chini ya 2.7, ibadilishe hata kama haina hatia. Bei yake ni ya chakula cha kibandani. Dalili yake ni saa kurudi nyuma miaka na mashine kukuuliza maswali ya bayosi (mipangilio ya msingi inayosomwa kabla ya Windows) kila ikizimwa ukutani.

Pawa saplai

Hapa ndipo ninapokaa sana, kwa sababu hapa ndipo kosa la kuja na kwenda hupenda kujificha. Njia bora ni kuazima nyingine nzima na kuijaribu kwa siku kadhaa. Lakini hakikisha inaingiana: mashine nyingi za mtumba kutoka maofisi ya Ulaya zina plagi za pini sita au nane badala ya zile za kawaida za pini 24, na ukilazimisha utaua bodi.

Kama una multimita, kile kipimo cha umeme, na plagi ni ile ya pini 24, pima ikiwa imechomekwa kwenye bodi, ukipenyeza ncha nyekundu kwa nyuma ya plagi na nyeusi kwenye waya wowote mweusi. Waya wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Hizo ni mashine ikiwa imewaka. Waya wa zambarau ndio wa kutazamwa zaidi: unapaswa kuwa na volti 5 hata mashine ikiwa imezimwa, mradi tu iko kwenye soketi. Huo ndio mlinzi wa usiku. Ukibonyeza swichi, yeye ndiye anayeamsha wengine. Akiwa amelala, bonyeza mpaka kucha ing'oke, hakuna kitakachotokea.

Ikifika kwenye nembo kisha ikagoma

Kabla ya chochote, siku ikiwaka, nakili kazi zako kwenye diski nyingine. Badilisha kebo ya data ya diski, ni ya bei rahisi na hulegea. Soma ripoti ya afya ya diski kwa programu yoyote ya SMART, mfumo wa diski wa kujipima wenyewe. Ikionyesha sekta mbovu zinazoongezeka wiki hadi wiki, nunua diski. Halafu kuna jambo la Windows ambalo wengi hawalijui: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima si kuzima kabisa. Kipengele cha Fast Startup huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili iwake haraka kesho. Ukichagua kuanzisha upya, ndipo inaanza na moyo mweupe. Basi kama mashine yako huanzishwa upya vizuri kila mara lakini hugoma ikizimwa na kuwashwa, zima kipengele hicho kwenye mipangilio ya pawa, utazame wiki moja.

Mashine ya Kayole

Yule mama nilimwomba aandike. Aliandika nyuma ya karatasi za fotokopi zilizoharibika, kwa mwandiko wa mtu mwenye wateja: "Jumatatu imekataa, saa mbili na robo ikakubali. Jumanne imewaka. Jumatano imewaka. Alhamisi imekataa, jana usiku stima ilipotea. Ijumaa imewaka. Jumamosi imewaka. Jumatatu imekataa."

Nikampigia. "Mama, jioni za katikati ya wiki unazimaje?"

"Naizima tu pale kwa kompyuta, kijana wangu."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nazima ukutani kila kitu. Duka la jirani lilishika moto, siwezi kulala."

Jumatatu saa moja kasoro robo nilikuwa mlangoni kwake na multimita. Julai, asubuhi ya nyuzi 11 au 12, mabati yana umande, vidole vyangu vimeganda. Alipowasha ukutani, waya wa zambarau ulisoma 3.9 na tarakimu zikitetemeka. Nikabonyeza swichi: kimya. Tukanywa chai. Kila nikichungulia namba ilikuwa imepanda kidogo, 4.2, 4.5. Baada ya karibu dakika arobaini ikafika 4.8, nikabonyeza, ikanguruma.

Kapasita ndogo ndani ya sehemu ya mlinzi wa usiku ilikuwa imekauka. Kapasita ya namna hiyo ikiwa baridi hufanya kazi vibaya zaidi, na ikishapata joto la umeme wake yenyewe hujikongoja. Usiku ambao soketi ilibaki na umeme, haikupoa. Usiku ambao umeme ulikatwa, ilipoa, ikagoma. Na kwangu mjini iliwaka kwa sababu ilifika saa sita mchana, baada ya saa nzima mapajani mwake kwenye matatu iliyofungwa madirisha, joto la abiria wote likiwa limeshaipikia.

Sikuamini mara moja. Niliweka pawa saplai nyingine, ya zamani ninayoijua, ile mbovu nikaenda nayo. Nikaiacha usiku kucha kwenye dirisha la dukani bila umeme. Asubuhi volti 4 kamili. Ndipo nikamrudishia mama pesa ya ramu, na ramu nikamwachia.

Aliniuliza kama aache kuzima ukutani, asije akaiharibu tena. Nikamwambia aendelee kuzima, mashine nzima haipaswi kuogopa ukuta. Jumatatu ya tatu akanitumia picha kwa WhatsApp: ile karatasi ya fotokopi, mstari wa chini, "Jumatatu imewaka," na chini yake, "Sasa fundi, niendelee kuandika mpaka lini?"