Msimu mpya wa Ligi Kuu ya Wanawake Bongo unakuja, jipange hivi
Wadau, kama hujawahi kufatilia ligi ya kina dada basi anza msimu huu. Ratiba icheki kwenye peji za TFF (shirikisho la soka Tanzania), na asubuhi ya mechi icheki tena maana huwa inabadilika ghafla. Usianze na mechi yoyote tu, anza na JKT Queens na Simba Queens, hao ndo wamepokezana ubingwa toka 2018 mpaka 2025, na bingwa anaenda mashindano ya CECAFA (ukanda wa Afrika Mashariki na Kati) kutafuta tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba Queens 2022 walifika nusu fainali kule Morocco jamani! Uwanjani wahi, beba maji na kofia, kaa karibu na mstari uwasikie mabeki wanavyoitana "toka, toka!"